Kwa konda tunanyamaza, kwa dada wa kaunta tunafoka

Nenda stendi ya mabasi ya Kange hapa Tanga asubuhi uone watu wanavyopakiwa. Basi tiketi imeandikwa saa kumi na mbili, saa moja kasorobo bado lipo palepale linanguruma, konda anapita katikati anamwambia mtu mzima na suti yake "baba sogea huko, hiyo siti inakaa watano", na mtu mzima anasogea. Anaguna kidogo, anamwangalia jirani yake, yameisha. Sasa mtu huyohuyo mkatie tiketi ya ndege, halafu ndege ichelewe nusu saa, utamkuta kaegemea kaunta anampigia kelele binti wa watu kana kwamba binti ndiye kaificha ndege nyumbani kwao.

Kila ikizunguka klipu ya abiria anamtukana mhudumu wa ndege maelezo yanayotolewa ni yaleyale. Wengine watasema watu siku hizi hawana malezi, wengine watasema mashirika yanatuzingua sana watu wamechoka. Yote yana ukweli wake sikatai, ila hayajibu hili la Kange. Malezi ya mtu hayabadiliki kati ya stendi na uwanja wa ndege, hapo ni bodaboda tu unafika. Na kama ni kuchelewa, basi na ndege nani anatuchelewesha zaidi? Tunachelewa barabarani miaka nenda rudi na tunashukuru Mungu tukifika salama.

Mimi nionavyo abiria anamfokea mtu wa ndege kwa sababu anajua hatajibiwa. Konda ukimletea za kuleta anakujibu papo hapo, mbele ya watu, kwa sauti inayofika mpaka siti ya nyuma, na abiria wenzako watacheka, na aibu utaibeba wewe mpaka Segera. Dada wa kaunta kakatazwa kujibu. Kaambiwa siku ya kwanza kazini kwamba mteja ni mfalme, atabasamu, aseme pole, aseme samahani kwa usumbufu, akitukanwa aseme tena samahani. Na sisi tunalijua hilo, ndiyo maana tunaenda kulitumia.

Uwanja wetu wa Tanga mnaujua ulivyo. Mdogo, kajengo kake, njia yenyewe ya kurukia ni kilometa moja na kitu, ndege zinazokuja ni hizi ndogo za aina ya Cessna Caravan, injini moja, abiria 12 au 13, zinakwenda Pemba, Unguja, Dar. Kwa ndege za ukubwa huo hakuna mhudumu wa ndani, sheria za anga za nchi nyingi zinaanza kudai mhudumu ndege ikizidi viti 19, kwa hiyo Tanga hakuna dada wa kusukuma kitoroli cha juisi, rubani mwenyewe anageuka kwenye kiti chake anakuonyesha namna ya kufunga mkanda na mlango uko wapi. Maana yake ni kwamba hasira zote za abiria zinamalizikia chini, pale kwenye mzani.

Siku moja niko kwenye foleni, mbele yangu mzee mmoja anakwenda Pemba kwenye harusi ana viroba viwili vya machungwa ya Muheza. Kilo zinazoruhusiwa ni 15, mzani ukasoma mara mbili yake. Dada akamwamkia kwanza, shikamoo mzee, halafu akamwambia mzigo umezidi na leo ndege imejaa hivyo hata ukilipia hauwezi kwenda wote. Mzee akakunja uso. Akauliza, "Wewe binti wa nani?" Dada akataja baba yake na mtaa, Makorora. Mzee akasema namjua yule, basi mwanangu nifanyie maarifa, na dada akasema baba yangu maarifa hapa hamna, labda kimoja kiende kimoja kibaki upeleke na boti kesho. Wakabishana pale dakika kadhaa, mzee alilalamika kweli, alisema hii kampuni yenu haina maana, lakini hakumkosea adabu yule binti hata mara moja, mwisho kiroba kimoja akakabidhiwa kijana aliyemleta.

Nyuma ya mzee akaja bwana mmoja wa makamo, begi gumu la magurudumu, simu mbili mkononi, anarudi Dar. Dada akampima begi likawa sawa halafu akamwomba na yeye mwenyewe apande kwenye mzani. Hapo ndipo balaa likaanza. "Mimi nipimwe kama mbuzi?" Dada akaeleza kwamba ndege ndogo wanapima abiria wote ndiyo utaratibu, bwana hataki kusikia, ooh nimepanda ndege nchi ngapi sijawahi kuona ushamba huu, ooh wewe elimu yako nini mpaka unipangie, na ile yenyewe ambayo nilikuwa naisubiri, "unajua mimi ni nani?" Akatoa simu moja akaanza kumrekodi, anasema nakurusha sasa hivi, utatafuta kazi nyingine. Dada anasema samahani kaka. Macho yamejaa maji anasema samahani kaka.

Kisha akatoka rubani, kijana tu, shati jeupe na mistari yake begani, akauliza kuna tatizo? Bwana akashusha simu. "Hamna kapteni, tunaelekezana tu." Kapteni akasema tunahitaji uzito wako kaka ili nipange ndege, na bwana akapanda mzani, kimya, hata viatu akavua bila kuombwa!

Nimeyaweka marefu hayo kwa sababu humo ndani mna kila kitu. Amri ni ileile, mzani uleule, lugha ya dada ilikuwa laini kuliko ya kapteni. Kilichobadilika ni nani anayesema, mwanamke wa miaka ishirini na kitu asiye na cheo, au mwanaume mwenye mistari begani ambaye akisema huyu hapandi basi hapandi. Wanaosema "ni stress tu ya safari" waniambie hiyo stress ilikwenda wapi kwa zile sekunde tano.

Na ule mzani wenyewe tuuseme kidogo maana watu wanadhani ni uchokozi. Ndege kama Caravan ikiwa imejaa kila kitu, mafuta, watu, mabegi na yenyewe bodi lake, haitakiwi kuvuka tani 4 hivi. Rubani anajumlisha uzito wote halafu anaangalia umekaa wapi, mbele au nyuma, maana ndege ikilemewa mkiani inakataa kumtii. Njia ya kurukia ni fupi na jua la Tanga la saa nane linafanya hewa kuwa nyepesi, injini na mabawa vyote vinapungukiwa nguvu. Chukua abiria 12 kila mmoja amdanganye dada kilo 10 tu, hizo ni kilo 120, karibu watu wawili wazima wamepanda ambao rubani hana habari nao. Kwa hiyo yule binti tunayemwona anatunyima machungwa yetu anafanya kazi ya usalama, ila hakuna aliyemvisha sare ya usalama, kavalishwa ya kukaribisha wageni.

Hilo la kudhani watu wa ndege wapo kwa ajili ya kutuhudumia chai ndilo linaloharibu zaidi huko kwenye ndege kubwa. Tarehe 2 Januari 2024 pale Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines aina ya A350 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani ikiwa inatua, ikashika moto. Ndani walikuwa watu 379, wote wakatoka wazima, huku ile ndege ndogo wakafariki watano kati ya sita. Kwenye A350 wahudumu walipaza sauti, abiria wakatii, mabegi wakayaacha juu. Ndege kubwa ikitengenezwa inatakiwa kuonyesha kwamba inaweza kutoa watu wote kwa sekunde 90 nusu ya milango ikiwa imefungwa, na hesabu hiyo inasimama kama kuna mtu anayesikilizwa. Sasa wewe uliyezoea kumwambia mhudumu "we nawe niache, nimalize kuongea na simu", siku moshi umeingia utamsikiliza kwa sikio lipi?

Takwimu za dunia zipo na hazipendezi. IATA, ule muungano wa mashirika ya ndege, ulihesabu mwaka 2021 tukio moja la abiria mkorofi kwa kila safari 835, mwaka 2022 ikawa moja kwa safari 568, mwaka 2023 moja kwa safari 480. Matukio yanayoongoza siyo ya kupigana ngumi, ni kukataa maelekezo, matusi na ulevi. Marekani mwaka 2021 zilifika ripoti karibu 6,000 kwenye mamlaka yao ya anga FAA, wakati mwaka 2019 hazikufika 1,200, na nyingi za 2021 zilikuwa ugomvi wa barakoa. Mwaka huohuo mhudumu wa Southwest Airlines kule San Diego alipigwa na abiria mpaka akavunjika meno. Watu wakasema korona imetuharibu akili, haya korona imepita, hesabu za IATA mbona ziliendelea kupanda?

Kuna utafiti wa mwaka 2016, Katherine DeCelles na Michael Norton walichambua rekodi za shirika moja kubwa, wakakuta kwamba ndege yenye daraja la kwanza, vurugu huku nyuma daraja la kawaida zina uwezekano karibu mara nne ya ndege isiyo nalo. Na kama abiria wa kawaida wanaingilia mlango wa mbele, wakapita katikati ya waliokaa kwenye viti vipana wameshanywa juisi, vurugu zinaongezeka pande zote mbili, hata wale wakubwa wenyewe wanazidi kuwa wakorofi. Wapo watafiti waliozipinga hesabu zao na mimi si mtu wa hesabu, ila hicho kitu mtu yeyote aliyepanda boti ya Unguja akaona watu wa VIP wanavyopita pembeni anakijua. Mtu akishawekwa juu ya wenzake anatafuta wa kumwonyesha kwamba yuko juu, na aliye chini naye anatafuta aliye chini yake zaidi. Wote wawili wanakutana kwa mhudumu. Kwenye Caravan yetu hakuna madaraja, mnakaa mmebanana, mmoja mpaka anakaa pembeni ya rubani, na ni kweli humo ndani huwa pametulia, mtu anaangalia bahari ya Pemba anapiga picha. Makelele yalishaachwa chini.

Mfano wa "unajua mimi ni nani" uliovunja rekodi ni ule wa Desemba 2014, Heather Cho, binti wa mwenyekiti wa Korean Air, yuko daraja la kwanza New York, kaletewa karanga za makadamia zikiwa kwenye pakiti badala ya sahani. Ndege ilishaanza kutembea ikarudishwa getini, mkuu wa wahudumu akashushwa. Kwa karanga! Yeye lakini alikuwa bosi kweli pale, na mwaka uliofuata mahakama ilimhukumu kifungo cha mwaka mmoja, akatoka mwezi Mei baada ya rufaa, adhabu ikasimamishwa. Bwana wetu wa simu mbili hata hisa moja ya kampuni sidhani kama anayo.

Sasa nisije nikaonekana wakili wa makampuni ya ndege, maana na wao wana yao na ni mengi. Kinachopandisha watu presha mara nyingi siyo kuchelewa kwenyewe, ni uongo. Unaambiwa dakika ishirini, zinapita ishirini mara mbili, unaambiwa inakaribia kutua na wewe unaona mbingu nyeupe haina hata kunguru. Mtu ana mgonjwa Dar, ana kesi, ana meli ya kuwahi, angeambiwa ukweli mapema angeshuka zake Kange akachukua basi. Anakaa pale kwa matumaini mpaka basi zote zimeondoka, kisha ndege inaahirishwa, na anayetumwa kuja kutangaza ni nani? Ni yuleyule dada. Mwenye uamuzi yuko ofisini kwenye kiyoyozi, Dar huko, na simu kaigeuza kifudifudi.

Na mara nyingi sababu haipo hata hapo Dar. Mwaka 2022 Air Tanzania walilazimika kuegesha ndege zao za A220 kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney, mashirika ya nchi nyingine yenye ndege hizohizo nayo yalilia. Ratiba zikavurugika nchi nzima, na matusi yakapokelewa na watu wa kaunta Mwanza, Mbeya, Dodoma, kwa injini ya kampuni ya Marekani ambayo hawajawahi hata kuigusa. Hali ya hewa nayo hivyohivyo. Mwezi Novemba mwaka huohuo ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikiwa inakaribia kutua Bukoba kwenye hali mbaya ya hewa, watu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha. Baada ya msiba ule kwa muda fulani nilikuwa nasikia abiria wanasema bora wachelewe wafike. Muda fulani. Siku hizi wingu likikaa juu ya Pemba na rubani akasema tusubiri, kuna mtu lazima aseme "mbona mimi naona kweupe".

Kwa hiyo abiria ana haki ya kukasirika, tena sana, na hasira yake ina pa kwenda. Lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, TCAA-CCC, limewekwa kwa ajili hiyo, unapeleka tiketi yako, saa uliyoambiwa, saa uliyoondoka, hasara uliyopata. Ni kazi, inataka uandike, uwe mvumilivu, ndiyo maana wengi tunaona rahisi kumtolea uvivu dada wa kaunta halafu tunaondoka tukijiona tumepigania haki. Hakuna haki iliyopiganiwa pale, meneja kule ofisini hajasikia chochote.

Upande wa sheria watu wanadhani uwanja wa ndege ni sehemu ya kutoa matusi bure. Matusi ya kuweza kuvunja amani ni kosa kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, iwe sokoni Mgandini au airport. Mkiwa hewani kuna Mkataba wa Tokyo wa 1963 unaompa rubani mamlaka ya kumzuia mtu, kumfunga ikibidi, kumshusha na kumkabidhi kwa polisi. Shida ya mkataba ule ni kwamba mamlaka ya kushtaki yalikaa zaidi kwa nchi ilikoandikishwa ndege, mtu anafanya fujo anatua nchi nyingine anaachiwa anakwenda zake hotelini, ndipo ikaletwa Itifaki ya Montreal ya 2014, ikaanza kufanya kazi Januari 2020, ili nchi ndege inakotua nayo iweze kumshtaki. Sheria zipo basi. Kinachokosekana kwetu ni mtu wa kuzianzisha, maana dada akipiga simu polisi anaogopa bosi wake kabla ya kumwogopa abiria.

Hapo ndipo ninapotaka makampuni yabanwe. Wanaweka kibao ukutani "hatutavumilia matusi kwa wafanyakazi wetu", halafu abiria akitukana na kulalamika anapewa vocha ya pole na mfanyakazi anaitwa ajieleze. Sasa kibao kile kinamwogopesha nani? Yule bwana wa begi gumu alipanda, alikaa dirishani, hakuna aliyemwambia kitu. Angejua kwamba binti ana ruhusa ya kufunga kompyuta na kusema "kaka, kwa lugha hiyo sikupandishi, nenda katulie urudi", ruhusa kamili, bila kumsubiri kapteni wala kumwita mwanaume yeyote, angepanda mzani mwenyewe mapema. Na ndege ikichelewa zaidi ya saa moja ashuke mwenye cheo, aje asimame mbele ya watu aseme kinachoendelea, binti aendelee na kazi yake ya kupima mizigo. Kwa Tanga hii haina gharama hata kidogo, mji wenyewe huu watu wote tunajuana, aachwe abiria mmoja tu kwa sababu ya matusi, jina lake litakuwa limeshafika Pongwe kabla ya adhana ya alasiri.